Chapa na Zizi: Si Kila Namba ni Anwani



Hoja yangu leo ni fupi, ingawa maelezo yake yatakuwa marefu kidogo. Nasema kwamba Kiswahili cha teknolojia kimelitwika neno moja, anwani, mizigo miwili isiyofungika kwa kamba moja. Na kwamba jambo hilo haliharibu urembo wa lugha tu, bali linawapotosha watu katika usalama wa mawasiliano yao. Yeyote aliyeiweka simu yake katika Kiswahili anaweza kuthibitisha. Afungue mipangilio, aende sehemu inayoeleza habari za simu yenyewe, atakuta mistari miwili: mmoja unataja anwani ya IP, mwingine unataja anwani ya MAC. Mistari hiyo imekaa jirani kama watoto pacha. Lakini si pacha, wala si ndugu wa karibu. Moja ni anwani kweli. Nyingine ni chapa.

Mimi nilisomea ualimu chuoni, nikafundisha sekondari hadi nilipostaafu na kutulia huku Nyakunguru. Uhandisi sikuusomea. Lakini kijijini mwalimu mstaafu ndiye karani wa wote: huletewa barua ya benki aisome, fomu aijaze, na siku hizi huletewa simu aeleze ujumbe uliomtia mtu hofu. Kwa njia hiyo nimelazimika kujifunza namba hizi, na kila nilipozieleza nimegundua kwamba kikwazo cha kwanza hakikuwa ufundi. Kilikuwa msamiati.

Tuanze na neno lenyewe. Anwani tumeipokea kutoka Kiarabu, nayo ilikuja na maana zake mbili: maelezo ya mahali pa kumfikia mtu, na jina la kitabu au utungo. Wenzetu wa Kenya, ambao kutoka hapa Tarime ni suala la kuvuka Sirari tu, wanaitumia sana maana ya pili. Mwanafunzi wa huko huulizwa ajadili ufaafu wa anwani ya riwaya. Wa kwetu huulizwa kuhusu jina la kitabu. Huku Tanzania maana ya kwanza ndiyo iliyotawala, na mwaka 2022 ikapigwa muhuri. Kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti mwaka huo, nchi nzima ilipitiwa na Operesheni ya Anwani za Makazi: barabara zikapewa majina, nyumba zikapewa namba, vibao vikasimamishwa, hata vijijini ambako zamani mgeni alielekezwa kwa mwembe au kwa duka la fulani. Tangu hapo ukimwambia mwananchi "anwani", anafikiria mahali. Ukimwambia kwamba simu yake ina anwani isiyobadilika tangu kiwandani, anaelewa kwamba pameandikwa mahali fulani ambapo atapatikana daima. Hapo ndipo upotoshaji unapoanza.

Huku Mara hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa kuunyoosha. Ng'ombe ana chapa na ana zizi. Chapa hupigwa kwa moto mwilini mwake. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 ililifanya jambo hilo kuwa la kitaifa, na mwaka 2017 wafugaji wengi tuliona kampeni ya kupiga chapa ikipita vijijini. Chapa husema ng'ombe huyu ni yupi na ametoka kwa nani. Haisemi yuko wapi asubuhi hii. Anaweza kuwa mtoni, anaweza kuwa mnadani, anaweza, Mungu apishe mbali, kuwa ameswagwa usiku kuvuka mpaka. Kokote aliko, chapa ni ile ile. Zizi ni habari nyingine. Zizi ni mahali, na ng'ombe huingia na kutoka.

Namba ya MAC ni chapa. Kila kipande cha kifaa kinachokiunganisha na mtandao, kiwe cha waifai, cha Bluetooth au cha waya, hupewa namba hiyo kiwandani. Ina biti 48, na kwa kawaida huandikwa kwa tarakimu 12 zilizopangwa katika jozi sita, tarakimu zenyewe zikiwa 0 hadi 9 pamoja na herufi A hadi F. Kwa kawaida jozi tatu za kwanza humtaja mtengenezaji, naye huzipata kwa kusajiliwa na IEEE, jumuiya ya wahandisi yenye makao yake Marekani. Jozi tatu za mwisho mtengenezaji huzipanga mwenyewe ili vifaa vyake visigongane. Kwa hiyo mjuzi akiitazama namba hiyo anaweza kusema ni kifaa cha kampuni gani. Hawezi kusema kiko kijiji gani.

Anwani ya IP ni zizi. Kifaa hakizaliwi nayo. Hupewa na mtandao kinapoingia, na mara nyingi huirudisha kinapotoka, kisha akapewa mwingine. Zile za toleo la 4, ambazo bado zimeenea sana, ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Jumla yake yote ni kama bilioni 4.3, idadi ndogo kuliko ya watu wa dunia. Kwa bara letu mgawaji wake ni AFRINIC, yenye makao yake Mauritius. Kwa sababu ya uhaba huo lilitungwa toleo la 6 lenye biti 128. Na kabla halijaenea, wahandisi walibuni njia ya kuvificha vifaa vingi nyuma ya anwani moja ya nje. Ndiyo maana simu iliyoungwa na ruta ya nyumbani mara nyingi huonyesha anwani inayoanza na 192.168. Anwani hizo za ndani zinatumika katika mamilioni ya nyumba kwa wakati mmoja, kama vile kila nyumba ya wageni ilivyo na chumba namba 5. Ukitoka nje ya lango hazina maana yoyote.

Kijana akiondoka Nyakunguru asubuhi na laini ya Tanzania, akafika Sirari na kuweka laini ya Kenya, mtandao wa huko utampa anwani ya IP ya kampuni ya Kenya. Chapa haikuguswa, zizi limebadilika. Na hata akiwa hapa nyumbani, tovuti inayokisia mahali kwa kutazama IP inaweza kumweka Dar es Salaam, ikiwa huko ndiko lango la kampuni yake lilipo.

Namba hizi mbili hufanyaje kazi pamoja? Fikirieni kifurushi kinachotoka kijijini kwenda Dar es Salaam. Juu yake pameandikwa kinakokwenda. Dereva wa bodaboda anakipeleka Tarime mjini, na anayemtafuta yeye ni karani wa basi tu. Karani anamkabidhi kondakta. Kondakta anamtafuta mpokeaji wa stendi ya mwisho. Maandishi juu ya kifurushi ni yale yale njia nzima, lakini mikono hubadilika kila kituo. Maandishi ndiyo IP, ila langoni ruta huweza kufuta anwani ya ndani na kuandika ile ya nje. Mkono kwa mkono ndiyo MAC. Namba ya MAC ya simu yako huonekana na ruta iliyo karibu nayo, pamoja na vifaa vingine vilivyo hapo hapo, kisha huishia hapo. Haisafiri na ujumbe hadi kwenye seva iliyo Ulaya.

Ndani ya hicho kituo kimoja, namba ya MAC hutumika jinsi mwalimu anavyotumia jina darasani. Mwalimu haiti mtu kwa mtaa na namba ya nyumba. Anaita jina, mwenye jina anasema "nipo". Kuna itifaki iliyoandikwa mwaka 1982, iitwayo ARP, ambayo kazi yake ni hiyo: kifaa kinapaza sauti katika mtandao wa ndani, "Nani mwenye anwani hii ya IP?", na mwenye nayo hujibu, "Ni mimi, na namba yangu ya MAC ni hii." Katika hili nawatendea haki wahandisi wa mwanzo. Mtandao wa waya uliobuniwa katika maabara ya Xerox huko California mwaka 1973 ulikuwa kama darasa: vyombo vyote vilining'inia kwenye waya mmoja, kila kimoja kikisikia kila kinachosemwa. Palipo na chumba kimoja, jina linatosha kuwa anwani. Kwao lilikuwa jambo la akili kuliita hivyo. Lakini sisi tumelipokea neno wakati chumba kile kimekuwa dunia nzima, na hatukujiuliza kama bado linafaa.

Sasa nieleze madhara, maana bila madhara ningekuwa nabishania maneno matupu.

Katika shule moja ya sekondari, ambayo sitaitaja, fundi alifunga ruta, akaorodhesha namba za MAC za kompyuta mpakato kumi za shule, na kuiamuru ruta isipokee kifaa kingine. Nywila hakuweka, ili walimu wasisumbuke. Nilipomuuliza kama hilo linatosha, alinijibu kwa heshima zote: "Mwalimu, anwani zote zimesajiliwa. Asiye na anwani hapa haingii." Waliokuwapo waliridhika, kwa kuwa neno lilikuwa zito, lilisikika kama hati ya nyumba. Muhula haujaisha, vijana wa jirani walikuwa wakiingia kwenye mtandao ule kwa kompyuta yao wenyewe. Walikuwa wamejua mambo mawili ambayo neno anwani lilikuwa limeyafunika. La kwanza, namba ya MAC hutangazwa hewani waziwazi pamoja na kila kinachorushwa kwa waifai, hata pale ambapo yaliyomo yamesimbwa. Mwenye programu ya kusikiliza huisoma. La pili, kompyuta nyingi humruhusu mwenye nayo aandike namba nyingine badala ya ile ya kiwandani. Vijana wale walinakili chapa ya ng'ombe wa shule wakampiga ndama wao.

Laiti fundi angesema, "Nimesajili chapa," nadhani hata mlinzi wa geti angemuuliza swali la pili. Hakuna mfugaji huku anayelala mlango wa zizi ukiwa wazi kwa kuwa ng'ombe wake wana chapa. Anajua chapa inaweza kuigwa, na anajua kazi yake ni kumtambua ng'ombe, wala si kumzuia mwizi. Komeo la waifai ni nywila ndefu pamoja na usimbaji wa WPA2 au WPA3. Orodha ya namba za MAC inafaa kama daftari la kumbukumbu. Haifai kuwa komeo.

Dhara la pili liko katika ule wito wa mahudhurio. Kila mwalimu anamjua mwanafunzi anayesema "nipo" kwa niaba ya rafiki aliyetoroka. ARP haikuumbwa na njia ya kumkagua anayejibu. Kifaa cha mtu mbaya kilicho katika mtandao huo huo kinaweza kujibu, "Ruta ni mimi," na simu za wengine zikaanza kumpitishia yeye mawasiliano yao kabla hayajafika kwenye ruta halisi. Hili huweza kutokea katika waifai ya wazi ya hoteli, ya stendi au ya ukumbi wa harusi. Kinachomwokoa mtumiaji ni usimbaji kati ya simu yake na tovuti anayoitembelea, pamoja na kutopuuza onyo la kivinjari kwamba tovuti haiaminiki. Mtu aliyefundishwa kwamba "anwani" ya ruta ni kitu thabiti kama jiwe la mpaka hawezi kuona kwa nini aonywe.

Dhara la tatu linakwenda upande wa pili: kuipa anwani ya IP uzito wa alama ya kidole. Huletewa mara kwa mara ujumbe wa namna hii: "Tumenasa anwani yako ya IP, tunajua unapoishi, lipa." Mama mmoja jirani yangu alikuwa tayari kuuza mbuzi. Nilimweleza kwamba anayeijua IP ya mtu, kwa hiyo peke yake, anajua kampuni ya mtandao na pengine mji wa kukisia. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje kwa wakati mmoja. Ili kumfikia mteja mmoja panahitajika kumbukumbu za kampuni yenyewe, zenye saa kamili na namba ya mlango aliopitia, na hizo hutolewa kwa taratibu za kisheria, hazitolewi kwa tapeli. Wakati huo huo nilimwonya asidhani kwamba IP ni pazia la kujifichia. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na zile zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Mwenye mamlaka ya kufungua daftari la kampuni anaweza kuitoka IP akaifikia laini, na kutoka laini akamfikia aliyeisajili.

Aliyeisajili, lakini, si lazima awe ndiye aliyeishika simu. Kanuni zetu za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018 zenyewe zilikiri jambo hili bila kulitamka. Ziliitaka migahawa ya intaneti kuipa kila kompyuta anwani ya IP ya nje isiyobadilika, na pia kufunga kamera za kurekodi yanayotendeka ndani. Kwa nini vyote viwili? Kwa sababu anwani ingeweza kuonyesha kompyuta, na kamera ndiyo ingeonyesha mtu. Sitaki hapa kujadili kama kanuni ile ilikuwa nzuri kwa uhuru wa watu. Nasema tu kwamba aliyeiandika alijua namba haina uso. Wanaoshitaki, wanaohukumu na wanaoandika habari za mashitaka wanapaswa kulijua hilo pia, hasa panapokuwa na mtu anayeweza kufungwa kwa sababu ya mstari mmoja wa tarakimu.

Dhara la nne linahusu faragha. Kwa kuwa chapa haibadiliki na hutangazwa hewani, mtu anayeweza kuisikia katika vituo vingi anaweza kumfuata mwenye simu asimwone. Mwaka 2013, katikati ya London, kampuni moja iliweka ndani ya mapipa ya taka ya barabarani vyombo vya kusoma namba za MAC za simu za wapita njia. Mpita njia hakubonyeza kitu, hakukubali kitu. Kubeba simu yenye waifai iliyowashwa kulitosha. Mnamo Agosti mwaka huo mamlaka ya jiji iliamuru jambo hilo likome. Watengenezaji wa simu walianza kutafuta dawa: simu za iPhone tangu 2014 zilianza kutumia namba za kubahatisha zinapotafuta mitandao, na simu za Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019 kwa kawaida huupa kila mtandao wa waifai namba tofauti. Toleo la mwaka 2020 la mfumo wa iPhone likafanya hivyo pia.

Hapa msomaji makini atanipinga: ikiwa simu inaweza kubadili namba ya MAC, je, bado ni chapa? Swali ni la haki, na jibu lake linawahusu washairi kuliko wahandisi. Namba ya kubahatisha ni lakabu. Magazeti yetu ya zamani yalijaa washairi waliojibizana kwa lakabu, na hakuna aliyedhani kwamba mwenye lakabu hana jina alilopewa na wazazi. Simu nayo hujitambulisha kwa lakabu mbele ya wageni, ilhali namba ya kiwandani imebaki ndani. Tena lakabu ya simu ina alama ya kuitambua: tazama tarakimu ya pili kati ya zile 12. Ikiwa ni 2, 6, A au E, hiyo haikutoka katika orodha ya kiwandani, imepangwa na kifaa chenyewe au na mtu. Ninachowasihi wasomaji ni kutoizima huduma hiyo kwenye simu zao, hasa wanapotumia waifai za hadharani.

Basi neno gani litumike? Sina haja ya kuunda jipya, kwa kuwa tunalo tayari, na lilijifunzwa na taifa zima kwa njia ngumu. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliweka msingi wa rajisi ya namba za vifaa vya mkononi, na usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizizima simu bandia nchini. Miezi kabla ya siku hiyo, wananchi walielekezwa kubonyeza *#06#, kusoma tarakimu 15 za IMEI, na kuzituma kwenda 15090 ili wajue kama simu yao ni halali. IMEI si MAC: ya kwanza hujulikana na minara ya simu, ya pili ni ya waifai na jamaa zake. Lakini zote mbili ni za jamii moja, za kusema kifaa ni kipi. Na Mamlaka, ilipowaambia wananchi habari za IMEI kwa Kiswahili, haikuiita anwani. Iliiita namba tambulishi. Huku kwetu wazee wasiojua kusoma walilielewa neno hilo siku ile ile. Hakuna aliyeuliza, "Namba hii inaonyesha nakaa wapi?"

Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba tuseme namba tambulishi ya MAC, na neno anwani tuiachie IP, inayolistahili. Ile ya kubahatisha tuiite lakabu ya kifaa. Atakayesema kwamba Kiingereza, Kifaransa na hata Kiarabu chenyewe huita zote mbili kwa neno moja, nitamjibu kwamba mfasiri hutafsiri kitu, hatafsiri kibandiko. Atakayesema kwamba anwani kwa maana ya jina la kitabu ingeweza kutetea matumizi haya, kwa kuwa jina la kitabu halibadiliki kitabu kikihamishwa rafu, nitakiri kwamba hoja yake ni nzuri kuliko zote nilizosikia, na kwamba mwalimu wa Kenya angeipenda. Lakini lugha ya usalama haina budi kufuata maana inayomjia mwananchi kwanza, na kwa Mtanzania wa leo maana hiyo ni kibao cha mtaa. Atakayesema kwamba neno limekwisha kuingia katika simu, nitamkumbusha kwamba simu hupokea toleo jipya kila mwaka. Kubadili mstari mmoja wa tafsiri si kubomoa nyumba.

Kwa wale wanaokumbuka kwa mizani kuliko kwa maelezo, nimetunga ubeti huu, nao ni ruhusa kuutumia darasani:

Chapa ng'ombe yafuata, hata atoke zizini,
Zizi leo lampata, kesho yuko malishoni,
Nayo simu ikipita, hubadilisha anwani,
Namba haijamkuta, mwenye nayo mkononi.

Kazi ya kusanifu istilahi ni ya Baraza la Kiswahili la Taifa, na kwa Zanzibar ni ya BAKIZA. Sisi wengine hatuna mhuri. Lakini istilahi hufika mezani kwa wasanifu ikiwa imekwisha kutembea midomoni, na midomo inayotembeza maneno mbali zaidi ni ya walimu na washairi. Ndiyo maana nimeileta hoja hii hapa kabla ya kuipeleka kwingine. Wenye neno bora kuliko namba tambulishi walitoe, na wenye kuitetea anwani wajitetee. Majibu ya nathari nitayapokea. Ya tarbia nitayajibu kwa tarbia.